Upande wa Ndani wa Tairi

Tairi ilipasuka tukiwa tumepita Ikutha, tunaelekea Mutomo. Ilikuwa ya nyuma, kushoto. Mama alikuwa ameketi mbele upande huohuo, mfuko wa dawa mapajani. Nilikuwa nimemchukua Kibwezi kumleta kliniki Kitui. Nilisikia mlio kama mtu amepiga mlango wa mabati kwa rungu, halafu mkia wa gari ukaanza kujitafutia njia yake. Sikukanyaga breki. Si eti mimi ni dereva mkali. Niliganda tu, na kuganda kwangu ndiko kulikotuokoa. Tulisimama kwenye changarawe, hatua chache kabla ya kalavati.

Vumbi lilipotulia, Mama aliuliza swali moja tu: "Si ulisema hizi tairi ni mpya?"

Nilikuwa nimesema. Na zilikuwa mpya, ukiziangalia ukiwa umesimama. Upande wa nje, mifereji ilikuwa mirefu, raba nyeusi, hata zile nywele ndogo za kiwandani bado zilionekana. Nilipoivua ndio nikaona upande wa ndani. Raba ilikuwa imeisha kabisa, nyuzi za kitambaa zimechanika, nyaya za chuma zimechomoza kama ndevu. Tairi moja, nusu yake ina miezi minne, nusu nyingine ni kama imezunguka miaka kumi.

Gari ni Subaru Impreza, iliyoshushwa. Niliishusha mwenyewe. Nilinunua springi fupi na rimu za inchi 17, na ilipofika zamu ya kufanya alainimenti, pesa zilikuwa zimeisha. Nikajiambia gari inaenda sawa, usukani hauvuti, hiyo alainimenti itangoja. Kwa hivyo kabla sijaendelea, niseme wazi: hakuna fundi wa kulaumiwa hapa, wala duka la tairi, wala barabara. Kosa ni langu.

Kesho yake nilienda kwa mzee mmoja ambaye ana gereji pembeni mwa mji wa Kitui, chini ya mwembe. Alipiga magoti nyuma ya gari, akatia mkono ndani ya tairi ya upande ule mwingine, akapapasa, akautoa ukiwa mweusi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kijana wangu, hii gari uliishusha ikaende barabara gani?"

Nilidhani ni kejeli. Baadaye nikaona ni swali la historia, na nimekuwa nikilitafutia jibu tangu siku hiyo.

*

Tuanze kabla ya magurudumu. Inasemwa kwamba jina Kitui linatokana na kazi ya wafua vyuma, watu waliotengeneza mishale, visu na minyororo. Chuma kilikuwepo, safari ndefu zilikuwepo, gurudumu halikuwepo. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa, na mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mtu wa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Kivoi aliuawa 1851, katika safari ya kuelekea mto Tana. Njia zote hizo zilikuwa za miguu. Njia ya miguu haihitaji alainimenti. Mguu wenyewe unajipanga kila hatua.

Gurudumu lilikuja na watu waliokuwa na haraka. Kuanzia 1890, kampuni ya Waingereza iliyoongozwa na William Mackinnon ilianza kufungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kwenda bara, ikipitia Kibwezi. Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi, akaisukuma mbele mpaka mpaka wa Uganda. Ndiyo maana iliitwa barabara ya Mackinnon na Sclater. Hata wino haujakauka, reli ikaipita: ujenzi ulianza Mombasa 1896 na ukafika Nairobi 1899, ukikata katikati ya sehemu ambayo leo ni kaunti ya Makueni.

Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, gurudumu huku Ukambani limekuwa mgeni anayepita. Mkokoteni ulitengenezewa kwingine, behewa lilitengenezewa kwingine, na vyote vilikuwa njiani kwenda mahali pengine. Aliyebaki Makindu au Kibwezi alibaki na kazi ya kurekebisha: kuziba, kukaza, kupiga nyundo, kufanya kitu cha kwingine kiweze kwenda hapa. Mafundi wa Kalasinga waliokuja na reli waliacha alama ambayo bado ipo: hekalu la Makindu, lililojengwa 1926, ambapo msafiri yeyote bado anapata chakula bure. Ukiwa na gari mbovu na tumbo tupu kwenye barabara ya Mombasa, unajua mahali pa kuingia.

*

Sasa tuingie chini ya gari, maana bila hapo hadithi haieleweki.

Tatizo la kuelekeza magurudumu ni la zamani kuliko injini. Mkokoteni ukikata kona, gurudumu la ndani linapita duara dogo, la nje duara kubwa. Ukiyageuza yote mawili sawasawa, moja litaburutwa. Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, alipata namna ya kulifanya la ndani ligeuke zaidi, na mwaka 1818 wakala wake jijini London, Rudolph Ackermann, akaandikisha hataza. Jina lililobaki ni la wakala. (Fundi anajulikana na nani? Hii nayo ni hadithi ya zamani.) Daktari Erasmus Darwin, babu yake yule Charles Darwin, alikuwa amewaza jambo kama hilo miaka mingi kabla yao, kwa sababu alizunguka na gari la farasi kutembelea wagonjwa kwenye barabara mbaya za Uingereza. Kwa maneno mengine, alainimenti ilizaliwa na mtu aliyechoshwa na barabara mbaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Halafu miaka ya 1940, mhandisi Mmarekani Earle MacPherson alibuni mguu wa gari ambao shoki na springi zimeunganishwa kuwa nguzo moja. Ulikuwa rahisi kutengeneza, haukula nafasi, na Ford waliutumia kwenye magari yao ya Uingereza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Leo nguzo hiyo iko mbele ya karibu kila gari dogo unaloliona Kitui: Impreza, Corolla, Vitz, Probox.

Mguu wa namna hii una kimo ambacho mhandisi alikichagua. Kwenye kimo hicho, pembe zote zinakubaliana. Mbili ndizo zinazotuhusu zaidi.

Ya kwanza mafundi huiita kemba. Simama, tanua miguu sana. Utaona viatu vinakanyagia ukingo wa ndani. Tairi nayo ikiinama juu ikaingia ndani, inakanyagia ukingo wa ndani. Ya pili ni tou, yaani vidole vya mguu. Simama vidole vikitazamana, au vikitazama nje, halafu jaribu kutembea moja kwa moja mbele. Utafika, lakini soli utakuwa umeisugua kila hatua.

Ukishusha gari, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu inabadilisha pembe zake. Juu ya gurudumu panavutwa ndani, na kwa sababu fimbo inayolielekeza haizunguki kwenye duara moja na mkono wa chini, vidole navyo vinahama. Hakuna kilichovunjika wala kulegea. Gari iko sawa kabisa, isipokuwa inakanyaga ardhi kwa njia ambayo haikupangiwa.

Watu wengi wanalaumu kemba, kwa sababu inaonekana. Kemba peke yake hula tairi polepole. Muuaji ni tou, hasa ikiungana na kemba: kemba inachagua ukingo utakaobeba uzito, tou inausaga.

*

Hapa ndipo swali la mzee linapoanza kuuma. Maana nchi hii ina historia yake ya kubadilisha kimo cha gari, na historia hiyo inaelekea juu.

Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, wapenda magari wa Afrika Mashariki walianzisha mashindano yaliyokuja kuwa Safari Rally. Barabara zilikuwa za kawaida, zenye vumbi, matope, ng'ombe na mito isiyo na daraja. Kwa miaka mingi mashindano yalikuwa na mkondo wa kushuka pwani na kurudi, kwa hivyo nchi ya Wakamba waliijua vizuri, angalau kwa kasi na usiku.

Mtu wa kumkumbuka ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi kabla hajawa bingwa. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant wakiwa kwenye Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshindana mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine. Yaani gari ya mtumba! Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kampuni za Ulaya na Japani zilikuja na magari ya kisasa, na zikajifunza kwa uchungu kwamba gari linaloshinda Ufaransa hapa linakufa kabla ya saa sita. Magari ya Safari yakawa na sura yake: yamenyanyuliwa, yameongezwa vyuma chini, ngao mbele. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliimaliza Safari kwa Subaru Vivio, kigari kidogo ambacho mtaani tungekidharau, na akashinda kundi lake.

Angalia hiyo nembo. Nyota zilezile zilizo kwenye pua ya gari yangu zilipata heshima Kenya zikiwa juu, zimejaa matope. Tulizipenda kwa sababu zilikubali barabara yetu. Halafu sisi tulipozipata mikononi, kitu cha kwanza tulichofanya ni kuzishusha.

*

Tuliitoa wapi hamu hiyo? Si hapa.

Huko California, vijana wa jamii za Kimeksiko walikuwa wakishusha magari tangu miaka ya 1940, wakipita polepole mitaani ili waonekane. Haikuwa mashindano ya mbio. Ilikuwa ni kusema tupo. Serikali ya jimbo ikaweka sheria, iliyoanza 1958, kwamba sehemu ya gari isishuke chini ya rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga haidroliki kwenye Corvette yake: anapita chini, akiona polisi anabonyeza, gari inapanda juu mpaka kimo halali. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 2024. Ukisoma habari hiyo ukiwa kijana mweusi ambaye anasimamishwa kwenye kila kizuizi cha polisi, unaelewa kwamba kimo cha gari kinaweza kuwa siasa.

Japani walikuwa na lao. Gari iliyoshushwa waliiita shakotan, yaani kimo kifupi, na wale waliolaza magurudumu kupita kiasi wakasema ni onikyan, kemba ya shetani. Lakini nyuma ya urembo huo kulikuwa na hoja ya wanambio. Gari iliyo chini haiyumbi sana kwenye kona. Na gurudumu lililoinama ndani, gari ikilala kwenye kona kali, linanyooka na kukanyaga kwa upana wake wote. Kemba ni akiba inayowekwa kwa ajili ya kona.

Sasa niambie, kutoka Kibwezi mpaka Kitui kona kali ziko ngapi? Sehemu kubwa ya njia hiyo imenyooka, kushoto michongoma, kulia michongoma, mbele mbuyu. Gari yangu ilikuwa imejiinamisha kusubiri kona ambayo haikuja. Kilomita baada ya kilomita ilikanyagia ukingo wa ndani, ikingoja.

Kwetu hamu ilikuja kwa DVD. Filamu ya kwanza ya Fast and Furious ilitoka 2001, ile ya Tokyo 2006. Tuliziangalia tukiwa watoto, tumebanana kwenye kibanda cha video, na tulitoka pale tukiendesha malapa kwenye vumbi huku tukifanya mlio wa injini kwa mdomo. Baadaye simu zikamalizia kazi. Picha hazikuonyesha upande wa ndani wa tairi.

*

Lakini hamu peke yake haishushi gari. Inahitaji gari na inahitaji lami. Vitu hivi viwili vilifika kwetu kwa kufuatana, na nadhani hapo ndipo historia yenyewe ilipo.

Gari zinatoka Japani zikiwa zimetumika. Kiwango cha Kenya, KS 1515, kinazuia gari iliyozidi miaka minane kuingia, kwa hivyo bandarini Mombasa zinashuka zikiwa na umri wa miaka saba hivi. Nyingi zinaendeshwa mpaka Nairobi, na njia ni moja: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Utoto wetu, tukiuza matunda kando ya barabara, tuliziona zikipita bila namba, nailoni bado kwenye viti. Safari ya kwanza ya gari nyingi za Kenya inapita Makueni. Hazikusimama, ila zilitufundisha majina yake.

Halafu lami ikaanza kutoka kwenye barabara kuu na kuingia ndani. Wote ikaunganishwa na Makindu. Na ile njia ya Kibwezi, Mutomo mpaka Kitui, ambayo wazazi wetu waliijua kama siku nzima ya vumbi na mchanga, ikawekwa lami na mkandarasi wa Kichina katika miaka hii ya juzijuzi. Kabla ya hapo hakuna mtu mwenye akili ambaye angeshusha gari huko. Waliokuwa na Probox walifanya kinyume: waliongeza vipande kwenye springi, wakazinyanyua, wabebe ndengu, maembe na abiria kuliko wanavyoruhusiwa.

Kwa hivyo gari iliyoshushwa ikionekana Mutomo, usiione kama uhuni tu. Ni ushahidi. Inasema: hapa sasa kuna lami. Kijana anayepita chini chini mbele ya soko anatangaza kwamba mahali hapa pamekuwa mahali pa kupita chini. Mimi mwenyewe nilihisi hivyo mara ya kwanza nilipopita, dirisha limefunguliwa, kivuli cha gari kimelala karibu na ardhi. Nilihisi kama nimefika mjini bila kuondoka nyumbani.

Shida ni kwamba lami ni nyembamba. Nyumbani kwa Mama Kibwezi ni kilomita tatu kutoka barabarani, njia ya ng'ombe yenye makorongo. Kwenye lami yenyewe kuna matuta kila penye shule na soko, mengine hayana rangi wala kibao. Na barabara imeinamishwa kidogo pembeni ili maji yatoke, kwa hivyo sisi tunaoendesha kushoto gari inategea kushoto siku zote. Zaidi ya hayo, siku ile buti ilikuwa na gunia la ndengu na maembe ya shangazi. Uzito ukiongezeka nyuma gari inashuka zaidi, na ikishuka zaidi magurudumu ya nyuma yanainama zaidi. Niliishusha nikiwa peke yangu mtaani, kisha nikaiendesha nikiwa na familia.

Hilo ndilo jibu la swali la mzee. Niliishusha ikaende barabara ya kwenye video.

*

Mzee hakuwa na mashine ya kompyuta. Alikuwa na uzi, rula ya chuma, timazi ya mwashi na mpira wa maji.

Kwanza alihakikisha gari imesimama mahali tambarare. Alijaza maji kwenye mpira mwembamba, ncha moja tairi hii, ncha nyingine tairi ile, akaangalia usawa wa maji, akaweka kipande cha mbao chini ya tairi moja. Akaniambia niingie ndani, nikae kwenye kiti cha dereva, na akaweka gunia la mchanga kwenye buti. "Tunapima gari vile inaishi," alisema.

Kisha akavuta nyuzi mbili, moja kila upande, zimekazwa kwenye mawe mbele na nyuma. Hakuzipima kutoka kwenye bodi, maana bodi inaweza kuwa imegongwa. Alipima kutoka katikati ya kila gurudumu, mpaka nyuzi zikawa sambamba na mstari wa katikati ya gari. Halafu kwa rula: kutoka uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu, kutoka uzi mpaka ukingo wa nyuma. Kwenye gurudumu la nyuma kushoto tofauti ilikuwa milimita 4. Timazi nayo ikaonyesha juu ya rimu pameingia ndani milimita 20 kuliko chini.

Milimita 4 zilinifanya nicheke. Ni unene wa sarafu mbili. Lakini rimu hiyo, ukingo hadi ukingo, ni sentimita 46. Piga hesabu: gurudumu linatazama pembeni kwa nusu nyuzi. Kila kilomita gari inayokwenda mbele, tairi hiyo inatamani kwenda pembeni karibu mita 9, na kwa sababu haiwezi, inaburutwa. Kilomita 100 ni mita 870. Kilomita 10,000 ni kilomita 87. Tairi yangu ilikuwa imesuguliwa kwa ubavu kilomita 87, ikikanyagia ukingo mmoja, ikiwa imeinama kwa nyuzi mbili na nusu. Tairi mpya huja na mifereji ya milimita 8 hivi, na vile vipande vidogo vya alama ndani ya mifereji vinakwambia ikibaki 1.6 ubadilishe. Upande wa ndani ulikuwa umepita alama hizo zamani. Alama zilikuwepo. Ni mimi sikupiga magoti.

Tulitoa zile springi, tukaweka nyingine ndefu kidogo. Gari ilipanda kama sentimita tatu. Bado iko chini kuliko ilivyotoka kiwandani, na sitasema uongo, bado naipenda hivyo. Mzee akarekebisha vidole vya nyuma kwanza, kisha vya mbele. Wengi hufanya mbele tu, alisema, lakini gari inasukumwa na mwelekeo wa nyuma: nyuma ikitazama pembeni, mbele itapinda kuifuata, na usukani hautakaa katikati.

Nilipomuuliza tairi gani ninunue, alikumbuka enzi za kiwanda cha Nairobi, Firestone iliyoanza 1969 na baadaye ikawa Sameer Africa yenye tairi za Yana. Kiwanda hicho kilisimamisha utengenezaji 2016, tairi za bei rahisi kutoka Asia zilipoizidi nguvu. "Siku hizi yote ni ya meli," alisema. Akanionyesha namna ya kusoma tarakimu nne za mwisho ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Gari ya meli, tairi ya meli, hata filamu iliyonitia hamu ilikuja kwa meli. Kitu cha Kitui kwenye gari hii ni pembe zake tu, zilizopangwa kwa uzi chini ya mwembe.

Ile tairi iliyopasuka niliiacha kwa mzee. Fundi wa akala aliyekuwa jirani aliikagua, akaikataa. Nyaya za chuma zinaharibu kisu, na upande mmoja haukuwa na raba ya kutosha kwa soli. Lakini mwenye mkokoteni wa punda alichukua tairi yangu nyingine ya nyuma, ambayo ilikuwa imelika upande tu. Ataigeuza, upande mzuri uingie ndani, na kwa mwendo wa punda aliyebeba mitungi ya maji itaishi miaka mingine.

Siku hizi tukifika petroli ya Kibwezi, Mama ananisubiri nizime injini. Anajua tairi za mbele nikikata usukani naziona, na kwamba za nyuma lazima nishuke. Napiga magoti kwenye saruji, natia mkono nyuma ya tairi, napapasa upande wa ndani kutoka juu mpaka chini, kushoto kisha kulia. Vijana wa petroli wananicheka. Narudi ndani nikiwa na mkono mweusi, na yeye, bila kunitazama, ananipa kitambaa.

"Iko?"

"Iko, Mama."

Ndio tunaondoka.